Mchana risasi zinaenda kushoto, shida ni darubini?

SWALI: Jambo afande, mi nasoma safu yako kila toleo, niko huku karibu na Jinja, leseni ninayo, napiga bunduki ya .308 (upana wa risasi kwa inchi) kwenye renji yetu mita 300. Tunapiga kutazama mashariki, ziwa liko mkono wa kulia. Asubuhi risasi zinakaa katikati vizuri kabisa, mchana zote zinahamia kushoto na bendera pale kwenye shabaha inaning'inia tu! Nimefunga darubini upya mara mbili, bado. Rafiki yangu anayepiga .22, ile bunduki ya risasi ndogo, anasema dawa ni risasi zenye mbio zaidi, ni kweli?

JIBU: Ndugu, hiyo darubini iache, haina kosa. Hiyo ni hewa ya ziwa. Asubuhi imetulia, jua likipanda nchi kavu inapata joto kuliko maji na upepo unatoka ziwani kuja bara, yaani kwako unapiga ubavu wa kulia.

Bendera yako ndo inakudanganya. Iko chini pale, matuta ya udongo yameikinga, wakati wewe ulipolala upepo unapita wazi. Na upepo wa karibu na wewe ndo una nguvu zaidi kwenye hesabu, kwa sababu risasi ikisukumwa mapema inabaki na ule mwelekeo mbaya safari yote iliyobaki, ikisukumwa mita 20 za mwisho haina tena nafasi ya kupotea. Kwa hiyo weka kitambaa chepesi hapo mbele yako kama mita 10 hivi, kingine katikati.

Hesabu sasa. Majani na vitawi vikitikisika bila kuacha, huo ni upepo wa kama kilomita 16 kwa saa. Ukija ubavuni kabisa unahamisha .308 karibu sentimita 20 kwenye mita 300, na darubini ya robo dakika (dakika ya pembe, sio ya saa, 60 zinafanya digrii moja) kliki moja ya kitufe chake hapo ni kama sentimita 2, basi zungusha kliki 9 kwenda kulia. Usidhani mita 600 ni mara mbili ya hiyo, inapita sentimita 80!

Halafu pembe. Chora uso wa saa, shabaha ni namba 12 (namba za kwenye saa nasema, sio saa tatu ya chai). Upepo wa namba 3 au 9 unahesabu wote, wa 1, 5, 7 na 11 nusu. Wa 2 watu wanakata theluthi, wanakosea, huo bado ni karibu asilimia 87. Ule wa 12 na 6 ndo siupendi kabisa, ukigeuka kidogo tu risasi inaenda kushoto, dakika inayofuata kulia.

Mimi sizungushi kliki kila saa. Nachagua upepo unaorudi mara nyingi, naweka kliki zake, nikiona kitambaa kimebadilika natoa kidole kwenye kifyatulio nasubiri.

Huyo rafiki yako, hapana. .22 ya mbio inatoka ikiwa imepita kasi ya sauti na inapoteza hiyo mbio haraka sana, na upepo unakula pale risasi inapochelewa kuliko ambavyo ingefika kama hewa isingekuwepo. Kwenye mita 100 ile ya pole pole inahama kidogo kuliko yake, pigeni siku moja ya upepo pamoja aone mwenyewe.