HbA1c nzuri, glukosi mbaya: nani mkweli?

Pole dada. Umeuliza inakuwaje HbA1c yako (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu) ni asilimia 5.3 halafu kipimo cha kunywa glukosi kinasema una kisukari cha mimba. Vyote vinaweza kuwa sahihi. HbA1c ni wastani wa miezi miwili mitatu, na kwa mjamzito chembe nyekundu za damu huishi muda mfupi zaidi, hivyo majibu hushuka. (Mwenye selimundu ndiyo asiitegemee kabisa.) Wakati huohuo kondo la nyuma linamwaga homoni zinazopunguza nguvu ya insulini (homoni inayoshusha sukari), hasa kuanzia wiki ya 24. Kwa vigezo vya WHO, sukari ya 5.1 mmol/L asubuhi kabla ya kula yatosha kuitwa kisukari cha mimba. Wewe una 5.6. Tafadhali mrudie daktari wiki hii, akuelekeze chakula na kupima sukari kidoleni.