Admin "aliyeingia" saa nane usiku

Ndugu, unasema logi (kumbukumbu za matukio) ya programu yako inaonyesha admin kaingia saa nane usiku, na admin ni wewe, ulikuwa umelala. Tazama kwanza mstari wa juu yake. Ukikuta jaribio lililoshindwa na jina la mtumiaji limekatika ghafla, huenda mtu alipachika %0d%0a (alama za kuanza mstari mpya) kwenye jina, programu ikaigeuza mstari mpya, na huo wa "admin kaingia" ni wa kughushi. Mimi iliwahi kunihangaisha siku nzima! Linganisha na logi ya Apache yenyewe, yaani seva ya wavuti inayopokea maombi. Tangu toleo la 2.0.46 haikubali kuvunjwa mistari hivyo. Kisha ondoa herufi za udhibiti (zisizoonekana, kama za mstari mpya) kabla programu haijaandika chochote. Unatumia Java? Sasisha Log4j, maktaba ya kuandika logi; kasoro yake ya 2021, Log4Shell, ilikuwa hatari zaidi: maandishi yaliyoingia kwenye logi yaliweza kuendesha msimbo wa mshambulizi. Apache ikionyesha kuingia kweli, usifute logi, mwite mtaalamu wa usalama.