Shangazi, siku kumi Italia na watoto watatu: tupite miji mingapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Shemeji yangu anaishi Bologna na ametualika likizo ya muhula wa pili. Watoto wetu wana miaka 14, 9 na 5. Mume wangu ameshaandika miji sita kwa siku kumi: Milano, Venezia, Bologna, Firenze, Roma na Napoli. Naona tutashinda njiani tu. Tufanyeje?
Mama wa Watatu, Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto aipunguze orodha hiyo, tena sana. Mwaka 2015 mimi na marehemu mume wangu tuliwapitisha mabinti zetu miji mitano kwa siku tisa. Ninachokumbuka zaidi ni masanduku: kuyafunga, kuyapandisha ngazi za stesheni, kuyahesabu. Yule mdogo alisinzia kwenye boti ya abiria, akaipita Venezia yote bila kuiona. Mpaka leo inaniuma.

Ninyi mna bahati ya kuwa na ndugu Bologna. Laleni Roma siku nne, zilizobaki kwa shemeji, basi. Roma hadi Firenze ni mbali karibu kama Kampala hadi Mbarara, ila treni ya kasi huchukua saa moja na nusu. Kutoka Bologna, Firenze ni kama dakika 40, na Venezia kama saa moja na nusu. Mnaondoka asubuhi na kimkoba kimoja, jioni mnarudi kula kwa shemeji. Milano na Napoli ziacheni.

Tiketi za treni za kasi zikinunuliwa mapema huwa nafuu. Treni za mkoa ni jambo jingine: tiketi yake ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla hamjapanda. Sisi hatukujua. Kondakta alitutoza faini ingawa tiketi tulikuwa nazo mkononi, na mabinti walidhani tunakamatwa.

Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwamo, ianzeni sasa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Kila mtoto awe na pasipoti yake, muwe na barua ya mwaliko ya shemeji, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000.

Roma mwishoni mwa Agosti ni joto la jiwe, si joto la Jinja lenye upepo wa ziwa. Tembeeni asubuhi, mchana mpumzike. Maji msinunue: barabarani kuna bomba za chuma, Waroma huziita nasoni, zinatiririka mchana kutwa na maji yake ni safi. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia tundu dogo. Huyo wa miaka 5 hataondoka hapo.

Chakula nacho kina saa zake. Mikahawa mingi hufungua jioni kuanzia saa moja na nusu, na mwanao mdogo atakuwa ameshalala. Saa kumi na mbili mnunulie pizza ya kukatwa, inayopimwa kwa kilo. Mkikaa mezani, mtaona kwenye bili kuna malipo kwa kila kichwa yaitwayo coperto. Si wizi, ndio utaratibu wao. Na kule Bologna ulizeni polenta, ugali wao wa mahindi: watoto wataona posho ya manjano.

Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, ni bure kwa walio chini ya miaka 18, lakini tiketi zao za bure zichukueni mapema pamoja na zenu, kwa sababu kila tiketi ina saa yake.

Asubuhi moja iwekeni kwa Basilika ya Mtakatifu Petro, hata kama ninyi si Wakatoliki. Ndani yake, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi wetu 22 wa Uganda, waliouawa kwa imani yao, kuwa watakatifu. Mwambie mwanao mkubwa kwamba Kizito, mmoja wao, alikuwa na miaka 14 kama yeye alipochomwa Namugongo mwaka 1886. Wangu niliwaambia tukiwa tumesimama pale pale, na hakuna aliyeuliza tunaondoka lini. Fikeni saa moja, milango inapofunguliwa. Kuingia ni bure. Tia leso mbili za kujitanda mkobani, maana mabega na magoti yakiwa wazi mtarudishwa mlangoni.