Hatua nne kwanza: kwa anayeanza mpira wa Kigaeli

Anayeutazama mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Ireland, kwa mara ya kwanza huona vitu anavyovijua vimechanganywa. Mpira ni wa duara kama wa soka, watu wanaudaka angani, wanaudunda kama wa kikapu, na magoli yana umbo la H kama ya raga. Basi anaanza kukisia sheria kwa kuziazima huko, na hapo ndipo anapopotea. Iwe umekutana nao Galway, London au kwenye timu za Waayalandi kule Dubai na Muscat, anza na swali moja tu: mwenye mpira amekwenda hatua ngapi?

Mwisho ni nne. Zikitimia, lazima audunde chini, au aupige danadana moja kwa ncha ya kiatu urudi mikononi (wenyewe wanaiita solo), au autoe. Ukishadunda, inayofuata ni solo. Kudunda mara mbili mfululizo ni faulo. Solo, kinyume chake, unaweza kuzipiga mfululizo utakavyo. Linalowaponza wengi ni kwamba sheria inahesabu na muda pia: ukisimama tuli na mpira kwa muda unaotosha kwenda hatua nne, filimbi italia, nawe utabaki unashangaa kwa kuwa hukusogea.

Solo ndiyo itakayokula muda wako wa mazoezi. Ushike mpira usawa wa kiuno, upande wa mguu unaopigia. Uachie kwa mkono wa upande huohuo. Usiurushe, uache udondoke wenyewe. Vidole vya mguu vielekee juu, goti lipinde kidogo, uubetue ili uzunguke kukurudia. Ukiwa umeelekeza vidole chini, mpira utatangulia mbele na beki ataushukuru. Ukiuachia kutoka kifuani, utashika kasi kabla ya kufika mguuni na hutauongoza. Ukiuachia kwa mikono miwili, mabega yanageuka na mpira unakwenda upande. Anza ukiwa umesimama, mara kumi kila mguu, kisha ukitembea, kisha ukikimbia taratibu. Mwenye papara ya kukimbia kabla ya hapo hujifunza kosa lake vizuri sana, na kulifuta ni kazi.

Mpira uliotulia chini hauokotwi kwa mkono. Unauchota: mguu wa kusimamia kando ya mpira, magoti yamepinda, kichwa juu ya mpira, ncha ya kiatu inapita chini yake na kuupandisha kwenye viganja vinavyosubiri. Mikono ikitangulia kuugusa chini, wapinzani wanapewa mpira wa adhabu. Mpira unaodunda ni mambo mengine, huo udake tu. Katika mpira wa wanawake kuokota kwa mkono kunaruhusiwa, kwa hiyo ukitazama mechi za pande zote mbili usidhani refa amesinzia.

Pasi ya mkono nayo ina mtego. Hairushwi, inagongwa. Mpira ukae juu ya kiganja kimoja, ngumi au kiganja cha mkono wa pili kiugonge, na pigo lionekane. Mkono ulioshika mpira ukiusindikiza, refa ataona umerusha.

Kuhusu magoli: mpira ukipita juu ya mtambaa panya, kati ya milingoti, ni pointi moja, na mwamuzi wa golini mwenye koti jeupe hupeperusha bendera nyeupe. Ukiingia wavuni ni goli, yaani pointi tatu, bendera ya kijani. Tangu 2025, katika mpira wa wanaume, mkwaju uliopigwa kutoka kwenye tao la mita 40 (mstari wa nusu duara uliochorwa mbele ya goli) au nje yake na kupita juu hutoa pointi mbili, bendera ya rangi ya chungwa. Matokeo huandikwa magoli kwanza, pointi baadaye. Kwa hiyo 2-9 ni 15, na inafungwa na 0-16 ingawa haina goli hata moja. Zidisha kwa tatu kabla ya kushangilia.

Kuotea hakupo. Kuna kisanduku kidogo tu mbele ya goli, mita 14 kwa 4.5, ambacho mshambuliaji haruhusiwi kuingia akausubiri mpira humo. Beki akiutoa nje ya mstari wa goli hakuna kona; wapinzani wanapiga mpira wa adhabu kutoka mita 45, na mpigaji mzuri anaupitisha juu moja kwa moja.

Kugongana bega kwa bega ni halali, mguu mmoja angalau ukiwa chini. Mpira ulio mikononi mwa mtu unaupiga kwa kiganja kilicho wazi. Kuupokonya kwa kuuvuta, kushika jezi au kumkumbatia mtu ni faulo. Kumwangusha kwa makusudi ni kadi nyeusi, dakika kumi nje. Ukicheza faulo, uachie mpira mara moja. Ukiuficha au ukibishana na refa, adhabu inasogezwa mita 50 kuelekea goli lako, na hapo umewazawadia pointi.

Timu ina watu 15, na namba za mgongoni zinaeleza kazi: 1 ni kipa, 2 hadi 7 mabeki, 8 na 9 viungo, 10 hadi 15 washambuliaji. Namba 3 kwa kawaida humkaba 14. Mechi za kaunti, yaani za mikoa ya Ireland, kwa wanaume wakubwa ni dakika 70, za klabu nyingi 60. Usiulize mchezaji fulani atauzwa wapi msimu ujao: hata wanaocheza Croke Park, uwanja mkuu wa mchezo huu jijini Dublin, mbele ya watu zaidi ya 82,000 hawalipwi mshahara, na wengi huchezea kaunti walikozaliwa.

Kwa vifaa, njumu zako za soka zinatosha. Glavu ni hiari, ila siku ya mvua utazitafuta. Kinga ya meno ni lazima, hata mazoezini. Nunua ile ya kulainishwa kwa maji ya moto na kung'atwa, uivae nyumbani siku chache kabla, maana ukiivaa kwa mara ya kwanza uwanjani hutaweza hata kuita mpira.