"Phew", "aww", "mmm": mgeni amefurahi au kachukia?

Mkuu, umesema umeanza kazi mapokezi hotelini, na wageni wakitoa zile sauti zao, "phew", "aww", "mmm", hujui ujibu nini. Mimi naongoza watalii Kilimanjaro, sauti hizo nazisikia kila safari. Ushauri wangu mkubwa: jifunze kwa sikio na macho, achana na jinsi zinavyoandikwa.

Chukua "phew". Kitabuni ni neno, mdomoni ni pumzi tu. Midomo inabanwa kama unapoza uji, hewa inatoka kwa mkupuo. Tukifika Stella Point alfajiri, pale ukingoni mwa kreta, mita 5,756, mgeni aliyepanda usiku kucha anakaa juu ya jiwe, anaegemeza fimbo, anashusha hiyo "phew" ndefu. Hapo amepata nafuu. Usimkimbilie na maswali, mpe chai ya moto kwanza. Kileleni Uhuru, mita 5,895, sauti inageuka: "Woo-hoo!", "Yes!", ngumi juu, wengine na machozi. Mimi najibu "Well done!" na kumpa mkono, kwa sababu hiyo inamfaa mtu mzima wa rika lolote. "Attaboy" ya Wamarekani iache kabisa. Ni ya mkubwa kumsifu mdogo, hata mbwa huambiwa hivyo.

Sasa angalia, "phew" hiyohiyo hutolewa kwa joto, na kwa harufu mbaya pia. Mkono ndio unaosema. Ukipita kwenye paji la uso, ni nafuu au joto. Ukienda puani, wahi chumbani ukakague choo.

"Aww" ya furaha inaanzia juu na kuteremka polepole, laini, kama mtu kaona kitoto kichanga au kakuta umempambia kitanda maua siku ya kumbukumbu ya ndoa yake. Tabasamu linatosha. Ila ukimwambia mgeni kwamba mwanao anaumwa, naye akatoa "aw" fupi huku uso umenywea, hapo anakupa pole, mshukuru.

"Mmm" ndefu yenye kupanda na kushuka, kijiko kikiwa bado mdomoni, ni sifa kwa mpishi, mfikishie. Ile fupi isiyo na mvuto wowote ni kuitikia tu.

Halafu kuna nchi na nchi. Mmarekani atakuambia "Awesome!" kwa mambo mengi. Mwingereza atasema "Lovely!" hata ukimpa kalamu ya kusaini, na "Cheers!" yake mara nyingi ni asante, wala hajashika glasi. Lakini akionja chakula akasema "Not bad at all", jua amekipenda kweli. Wenzetu wengi wanaichukulia kama lawama, na inaniuma, maana mpishi anavunjika moyo bure.

Siku ya keki ya kuzaliwa, mmoja akiita "Hip hip!", wote mnaitikia "Hooray!", na kwa kawaida ni mara tatu, kwa hiyo usianze kukata keki baada ya ile ya kwanza.

Wewe mwenyewe ukitaka kuonyesha nafuu, tuseme begi la mgeni lililopotea limepatikana, tumia "Thank goodness!" "Oh my God" ni ya kawaida kwao, ila wapo wageni washika dini wanaokereka jina la Mungu likitajwa ovyo, na pale kaunta huwezi kujua nani ni nani.