Panadol ya mtoto si dawa ya Lulu

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nilihamia Dodoma kikazi mwaka jana, naishi Ilazo kwenye nyumba ya wapangaji wanne, ua mmoja. Sijajaliwa mtoto bado. Nina mbwa mdogo mweupe wa manyoya mengi, anaitwa Lulu, ana miezi saba. Analala kitandani kwangu na kila Jumamosi namwogesha kwa shampuu. Naenda naye saluni, sokoni Majengo, na Jumapili tunakula wote mgahawani. Majirani hawaishi kulalamika. Mama mmoja Mwislamu amenikataza kumweka Lulu kwenye mkeka wa barazani, na wiki iliyopita mama lishe alinifukuza mbele ya wateja. Niliumia sana, maana Lulu ni msafi kuliko watoto wengi wa hapa uani. Namhudumia kwa kila kitu. Alipopata homa nilimpa Panadol ya maji ya watoto akapona, na kijana wa duka la dawa za mifugo alikuja hadi nyumbani akamchoma sindano, akasema chanjo zote zimo humo humo. Kitaalamu, kuna kosa gani nikimchukulia kama mwanangu na kwenda naye kila mahali?

JIBU: Dada yangu, umeuliza kuhusu mkeka na mgahawa, lakini mimi nimekwama kwenye Panadol. Kwa mama lishe nitarudi, hilo ni dogo. Hili la Panadol nakutana nalo mara kwa mara hapa mjini, na linazidi kadiri watu wanavyohamia na mbwa wadogo wa kulala ndani. Mtu anaingia amembeba mbwa kwenye kanga, mbwa amelegea, ufizi umeacha wekundu umekuwa kama chai ya rangi iliyochacha. Ukiuliza kapewa nini, jibu ni lile lile: "Kidogo tu, daktari, ile ya mtoto."

Ulijuaje kwamba Lulu ana homa? Bila shaka ulimshika masikio au tumbo ukaona anachemka. Mbwa mzima asiye na ugonjwa wowote ana joto la kati ya nyuzi 38 na 39.2. Mtoto wa binadamu akifika 38.5 mama yake anatafuta bodaboda ya kwenda zahanati. Mbwa mwenye 38.5 yuko salama salimini. Kwa hiyo kiganja cha binadamu kikimgusa mbwa kitaona joto kila siku ya Mungu. Pua kavu nayo si kipimo, hasa kwetu huku ambako mwezi wa kumi hewa inapasua hata midomo ya watu. Homa ya mbwa hupimwa kwa kipimajoto kupitia njia ya haja kubwa, basi. Inawezekana kabisa Lulu hakuwa na homa, na huko kupona unakokusema kulikuwa kunusurika na dawa.

Wengi wanapiga hesabu ya kilo. Wanasema mbwa ana kilo nne, kichanga ana kilo nne, basi kijiko ni kimoja. Uzito unaweza kulingana, ini halilingani. Parasetamoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, inapovunjwavunjwa mwilini huacha mabaki yenye sumu, na mbwa hana uwezo kama wetu wa kuyaondoa haraka. Yanaunguza ini, yanaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba hewa. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa nyingine za maumivu za binadamu, ni mbaya zaidi: tumbo linatoboka vidonda, figo zinazima, mbwa anatapika damu usiku na asubuhi unaniletea maiti. Dawa za maumivu za mbwa zipo. Zipo hata nyakati ambapo daktari aliyemwona mnyama na kumpima anaweza kutumia parasetamoli kwa kipimo anachokijua. Hilo halina uhusiano na kifuniko cha chupa ya mtoto.

Kwa kuwa unamlisha mezani, nitaje na zabibu. Tuko kwenye mji wa zabibu. Msimu ukiiva, kuanzia Makutupora hadi Hombolo, zimepangwa barabarani kwenye sahani, na watoto wetu wanakula mpaka wanasahau ugali. Mbwa anaweza kula chache tu figo zikafa. Mbichi au zilizokaushwa, zote ni mbaya, na hakuna kipimo cha kusema punje hizi ni salama na hizi si salama. Anaanza kutapika ndani ya siku moja, kisha mkojo unakatika. Vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo mgahawani vimo karibu kila sufuria, vinavunja damu. Chokoleti ni sumu. Mifupa iliyopikwa inachanika kama vijiti na kutoboa utumbo. Yule mbwa wa Mgogo anayelala zizini na kufukuza fisi, anayekula ugali mtupu na maziwa ya mgando, tumboni yuko salama kuliko Lulu anayelishwa rosti.

Sasa huyo kijana wa sindano. Hapa nitasema kwa ukali, na unisamehe. Vishoka wa mifugo wameiharibu kazi hii. Wana chupa moja ya antibayotiki ya ng'ombe kwenye begi, na chupa hiyo ndiyo chanjo, ndiyo dawa ya minyoo, ndiyo dawa ya kupe, ndiyo vitamini, kutegemea mwenye mbwa ameuliza nini. Ni kweli kuna chanjo zinazochanganya magonjwa kadhaa kwenye sindano moja, na hapo ndipo wanapojifichia. Lakini chanjo halisi inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka inapoingia mwilini. Ikikaa nusu siku kwenye begi nyuma ya pikipiki kwa jua la Dodoma, haina uhakika tena wa kujenga kinga yoyote. Chanjo halisi ina kichupa chenye karatasi ya namba, na karatasi hiyo hubandikwa kwenye kadi ya mbwa, pembeni pakawekwa tarehe, sahihi na mhuri. Je, kijana alikuachia kadi? Kama hukuachiwa, Lulu hajachanjwa. Ndivyo ninavyomhesabu mimi, na ndivyo unavyotakiwa kumhesabu wewe.

Hata kama sindano ile ingekuwa ya kweli, moja isingetosha. Mbwa mdogo huanza chanjo za pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, akiwa na wiki sita hadi nane, zikarudiwa kila baada ya wiki chache hadi afikishe wiki 16 hivi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaizuia chanjo kushika. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, halafu kwa ratiba ya daktari. Minyoo nayo ina ratiba yake, na Lulu aliipata kabla hujamnunua, maana minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa kichanga angali tumboni. Mayai yake yanaiva kwenye udongo wa uani baada ya wiki kadhaa, na mtoto anayechezea udongo akiyameza, viluwiluwi vyake vinaweza kwenda mpaka kwenye jicho. Shampuu ya Jumamosi haifiki huko.

Ndiyo maana neno hili "kama mwanangu" linanichosha. Mama mwenye mtoto Tanzania hii anajua kadi ya kliniki iko wapi hata usiku wa manane. Anajua tarehe ya kurudi. Lakini hawa mbwa wanaoitwa watoto wana vigauni, wana vibanio vya nywele, wanapigwa picha za siku ya kuzaliwa, na kadi hawana. Watu wamechukua mapenzi ya mzazi wakaacha kazi ya mzazi.

Na hoja ya usafi ndiyo mbaya kuliko zote. "Wangu ni wa ndani, hakutani na mbwa koko, wa nini kuchanjwa kichaa?" Dada, wewe mwenyewe umesema anakwenda Majengo. Lango la wapangaji wanne halifungwi siku nzima. Paka anaingia, mbwa wa mtaa anapenya chini ya geti, na kuumwa ni kitendo cha sekunde moja. Virusi vya kichaa hukaa kwenye mate, havijali manyoya yananukia nini. Makadirio ya watafiti kwa Tanzania yamekuwa karibu watu 1,500 wanaokufa kwa kichaa kila mwaka, na duniani karibu 59,000. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa yao ni watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba hakuna. Chanjo ya kichaa ya Louis Pasteur ilidungwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885, na sisi hadi leo tunazika watoto.

Tena mnaowapenda mbwa ndio mko hatarini kwa namna ambayo wengine hawako. Picha ya kichaa kichwani mwa watu ni mbwa anayekimbia mtaani akiuma kila kitu. Ipo, lakini kuna kichaa kingine cha kimya. Mbwa anapoa, anajificha chini ya kitanda, taya linalegea, udenda unamtoka, hamezi. Mwenye mbwa anaona "mwanangu amekwamwa na mfupa", anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Mfupa haupo. Kuna mkono wenye mchubuko na mate yenye virusi. Mbwa akilegea taya, usiingize mkono, hata kama moyo unakuuma. Mfungie chumba kimoja, uite daktari wa mifugo.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na jino, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, usikisie, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, na zikamilishwe zote. Sindano hazipatikani kila zahanati, kwa hiyo ulizeni kwa simu kabla ya kupanda gari. Nimeona kidonda kilichopakwa pilipili, kilichopakwa mafuta ya taa, na kilichopakwa majivu ya manyoya ya mbwa yule yule aliyeuma, kwa ushauri wa mtu anayejiita mtaalamu. Kila dakika inayoliwa na mambo hayo mmeipoteza, na kichaa kinaweza kukaa kimya wiki kadhaa au miezi mtu akidhani ile dawa ya majivu ilifanya kazi.

Turudi barazani kwako. Jibu langu ni hapana, Lulu hana mahali sokoni, saluni wala mezani pa mgahawa, na mama lishe alikuwa na haki, ingawa angeweza kukuita pembeni. Yule jirani wa mkeka pia ana haki. Kwake mate ya mbwa ni najisi, na mkeka huo huenda ndio anaoswalia. Hakutukani, analinda ibada yake. Lakini nitakupa na sababu ya upande wa Lulu mwenyewe. Virusi vya pavo vinaishi kwenye udongo miezi mingi, na sokoni pale wamepita mbwa usiowajua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, na manyoya yale pamoja na kigauni kwenye bajaji saa saba mchana ni kumpika. Unapomwona saluni anapiga miayo, anajilamba midomo, masikio ameyalaza, unasema anatabasamu. Anaogopa. Mbwa mwenye hofu akikumbatiwa uso kwa uso na mtoto wa mteja anauma, na anauma usoni.

Kulala ndani alale, sina ugomvi na hilo, ila mpe kitanda chake chini. Mtembeze asubuhi mapema kwa mkanda, kabla jua halijawaka, zile njia za kuelekea Iyumbu bado zina nafasi. Uani okota kinyesi chake kila siku, kabla mayai ya minyoo hayajapata muda wa kuiva.

Wiki hii mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kama Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inavyotaka. Usione haya kuuliza namba ya usajili, mwenye nayo haoni vibaya. Mwambie ukweli kuhusu Panadol, ulimpa kiasi gani na lini, amchunguze. Chanjo zianze upya, kadi ifunguliwe. Kinga ya kichaa huchukua wiki tatu hadi nne kushika, kwa hiyo kwa kipindi hicho asitoke getini bila mkanda na asiachwe peke yake na watoto wa wapangaji wenzako.

Na siku akimkwaruza mtoto wa jirani kwa jino, hata kama ni mchezo, usianze kubishana na mama yake kwamba Lulu ni msafi. Mpelekeni mtoto bombani kwanza, sabuni, dakika 15. Kisha ufuatane naye hospitali ukiwa na kadi ya Lulu mkononi, kwa sababu swali la kwanza mtakaloulizwa pale ni kama mbwa amechanjwa, na la pili ni kama yupo na anaweza kufungiwa siku 10 aangaliwe.