Dhamira Nazijua, Maana Siioni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma fasihi na alama zangu si mbaya. Nipe riwaya yoyote, nitakutolea dhamira sita kabla kengele haijalia. Mwalimu wetu husema fasihi humsaidia mtu kuijua maana ya maisha. Sasa tumemaliza Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, na Kazimoto, mhusika wake mkuu, msomi mzima, anajiua. Maana gani hiyo? Tangu siku ile najiuliza mimi naishi kwa ajili ya nini, na daftari langu lote halina jibu. Wenzangu wananicheka. Je, nasoma vibaya?
Mwanafunzi asiyelala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza huko kutolala. Kama umefika mahali unaona heri usingekuwepo, weka gazeti chini, mtafute mtu mzima unayemwamini umwambie leo hii, kwa maneno hayo hayo. Hilo halisubiri toleo lijalo. Kama ni swali tu linalokuwasha, basi kaa tuzungumze.

Husomi vibaya. Unajibu mtihani vizuri, na hiyo ni kazi yake. Dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa ya mwandishi: nimeyaandika ubaoni miaka mingi mpaka chaki ikanikausha vidole, na nakiri niliwapotosha wengi. Niliwafanya waamini kwamba mwandishi kaficha jibu mahali, kama mtoto aliyeficha goroli, na sisi kazi yetu ni kupekua.

Aliyenizindua ni kijana mmoja wa dawati la nyuma. Nilikuwa na nakala moja tu ya Kifo cha Ivan Ilyich, kisa cha mwandishi Mrusi Leo Tolstoy cha mwaka 1886, nikawasimulia kwa maneno yangu. Hakimu mwenye cheo anapanda ngazi kumwonyesha fundi pazia likae vipi, anateleza, anajigonga ubavu. Ugonjwa unaanzia hapo na haumwachi. Nyumba nzima inamdanganya kwamba atapona. Asiyemdanganya ni Gerasim, kijana mtumishi, ambaye usiku hukaa naye akiwa ameibeba miguu ya mgonjwa mabegani mwake, maana ikiinuliwa maumivu hupungua.

Nikageuka kuandika "Dhamira: kifo". Yule kijana akauliza, "Mwalimu, Gerasim analipwa kwa hiyo miguu?"

Darasa likaangua kicheko. Nikataka kumkemea, kisha nikashindwa, kwa sababu sikuwa nimewahi kujiuliza. Ni mtumishi, ndiyo, analipwa. Lakini mshahara unamlazimisha mtu akeshe hivyo bila kununa? Mmoja akasema ni woga wa bosi. Mwingine akasema ni huruma. Kelele zikazidi. Halafu msichana mmoja, ambaye nilijua tu kwamba alikuwa amekosa shule muda mrefu, akasema polepole: "Miguu ya mgonjwa ni mizito, Mwalimu. Ukiishika kwa dakika kumi, mikono inatetemeka."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekifundisha kisa kile mara kadhaa na sijawahi kuipima ile miguu. Yeye alikuwa ameipima kwa mama yake. Ubaoni sikuongeza kitu siku ile, na kengele ilipolia hawakuinuka.

Ndiyo maana nakwambia usikisome kitabu chako peke yako usiku tu. Kipeleke darasani na hilo swali lako, hata wakicheka. Chagua ukurasa mmoja uliokukaba, unakili kwa mkono wako, neno kwa neno, kisha uwasomee wenzako useme: hapa nilisimama, ninyi je? Mmoja wao atakuwa amebeba kitu ambacho wewe hujawahi kukigusa.

Kuhusu Kazimoto, usimchanganye na aliyemuumba. Darasani tunalisema hilo, kisha tunalisahau. Riwaya ilitoka mwaka 1974. Kezilahabi hakuishia pale alipoishia mhusika wake: alifundisha chuo kikuu, akarudi kwenye maswali yale yale katika riwaya zake Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na alifariki mwaka 2020, miaka 46 baada ya Kichwamaji. Kazimoto alilibeba swali kama hukumu. Kezilahabi alilifanya kazi ya maisha. Hata huyo Tolstoy, akiwa tayari na riwaya zilizomvika sifa, alikiri kwamba alifika mahali akaficha kamba asije akajinyonga. Kisa cha miguu ya Ivan alikiandika baada ya hapo.

Kwa hiyo mwalimu wako hakukosea sana, ila ameharakisha. Mimi naishi kwa ajili ya nini? Zamani ningekujibu kwa sentensi moja safi. Siku hizi namkumbuka yule msichana na mikono yake inayotetemeka, na najua ni nani ninayepaswa kumtembelea jioni.

Nitumie huo ukurasa utakaounakili, na uniandikie wenzako walisema nini. Hasa yule anayekucheka zaidi.